Kuvuja kwa kumbukumbu katika Python: maana yake na namna ya kutafuta chanzo

Kumbukumbu ya kompyuta (RAM) inavuja pale programu inaposhikilia data isiyoihitaji tena, huku kila kazi mpya ikidai nafasi nyingine. Katika Python nafasi hurudishwa bila wewe kuagiza: kila kitu kina hesabu ya rejea, yaani viungo vinavyokishika, na hesabu ikifika 0 kinafutwa hapohapo. Vitu vinavyoshikana kwa mzunguko husafishwa na moduli ya gc, msafishaji wa Python. Basi kinachovuja karibu kila mara kina mwenye kukishika, na kazi yako ni kumpata.

Chukua programu inayopokea vipimo vya majani mabichi ya chai kutoka vituo vya wakulima wa Rungwe. Aliyeiandika ameweka kamusi (dict, jozi za ufunguo na thamani) iitwayo akiba ili asitafute kitu kilekile mara mbili; ufunguo wake ni namba ya mkulima pamoja na muda wa kupima hadi sekunde. Muda haujirudii, kwa hiyo akiba hiyo haimsaidii mtu yeyote, ila kila gunia linalopimwa linaiongezea ingizo. Msimu wa mvua majani yanafurika, seva ya GB 2 inajaa, na Linux inaizima programu katikati ya upimaji. Ukisoma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kiini cha Linux, utakuta imeandikwa.

Lakini si kila kupanda ni kuvuja. Vitu visivyozidi baiti 512 Python huvigawia nafasi kutoka kwenye mabunda makubwa, ya KB 256 katika matoleo ya zamani na MB 1 katika mapya. Bunda halirudi kwa mfumo endeshi hadi liwe tupu kabisa. Kitu kimoja kidogo kikibaki, bunda zima linabaki. Ndiyo maana VmRSS, kipimo cha Linux cha RAM ambayo programu inashikilia, inaweza kupanda baada ya kazi nzito kisha ikatulia hukohuko juu. Hiyo iache. Ya kuhangaikia ni ile inayopanda tena kila unaporudia kazi ileile.

Kupima, tumia tracemalloc, chombo cha kufuatilia kila nafasi inakogawiwa, kilichomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Washa programu ukiwa umeweka kigeu cha mazingira PYTHONTRACEMALLOC=10, kwenye mashine ya majaribio, maana chombo hiki chenyewe kinakula kumbukumbu na kupunguza kasi. Tuma kwanza maombi mia kadhaa (kila ombi ni kipimo kimoja kinachotumwa kwenye programu) ili moduli zipakiwe. Ita gc.collect, kisha take_snapshot, inayochukua picha ya kumbukumbu ilivyo wakati huo. Tuma maombi 1,000 kamili, ita gc.collect tena, chukua picha ya pili, uzilinganishe kwa compare_to ukitaja lineno, yaani mstari kwa mstari wa msimbo. Usikimbilie ukubwa, tazama count_diff, tofauti ya idadi ya vitu. Mstari wenye 3,000 unasema vitu vitatu vinabaki kwa kila ombi, na hapo huna haja ya kubahatisha.

Tracemalloc inaonyesha kitu kilikozaliwa, haikuambii nani anakishika. Hilo liulize gc.get_referrers, nayo itakurudishia kamusi ile ya akiba. Usitegemee sys.getsizeof: inapima kamusi yenyewe bila vilivyomo. VmRSS ikipanda huku tracemalloc haisogei, shuku maktaba zilizoandikwa kwa lugha ya C, kama za picha au za kuunganisha hifadhidata.

Kuwasha upya seva kila usiku kunaahirisha tu tatizo. Hapa dawa ni ufunguo wa namba ya mkulima na tarehe, na akiba kufutwa siku inapofungwa. Kisha rudia maombi yale 1,000: count_diff ya mstari ule ikikaribia 0, umemaliza.