Kufuata programu sio kukariri mwongozo

Kuna watu mpaka leo wanaamini ukitaka kuendesha programu ya familia (mafunzo ya kusaidia wazazi na watoto wao) kwa uaminifu basi usome mwongozo neno kwa neno, ukigusa kitu umeharibu. Sio hivyo jamani. Chukua Familias Unidas, ilianzia Miami kwa wazazi wahamiaji wa Kilatino (wanaotoka nchi zinazoongea Kihispania kama Cuba na Mexico), lengo vijana wao wasiingie kwenye madawa na ngono zembe. Moyo wake ni wazazi kukaa kwenye kikundi wakaongea wenyewe, wakafanya mazoezi ya kuongea na mtoto, alafu mwezeshaji anakutana na familia wanajaribu na kijana mwenyewe. Mfano wa maisha ya Cuba ulio kwenye mwongozo ukiutoa ukaweka wa Mexico, sawa tu. Ila ukigeuza kikundi kuwa lekcha, hata kwa Kihispania safi, hapo ndo umeiacha programu.