Sauti ya juu sio sauti kubwa

Juzi mazoezini imetokea tena. Mwalimu wa kwaya kasimamisha wimbo katikati, akasema "sauti ya tatu mko chini, pandeni", na sisi wa sauti ya tatu tukaongeza nguvu mpaka mabati yakaitikia, lakini noti ikabaki pale pale ilipokuwa, chini kidogo ya ile anayoitaka. Akarudia, tukazidisha. Mwisho mama mmoja wa sauti ya pili ndo akasema jamani hamjaambiwa mpaze, mmeambiwa mpande. Na hili nalisikia kila mahali, kwenye redio, kwenye harusi, mtu anasema "sauti iko juu sana" na huwezi kujua anataka fundi apunguze spika au mwimbaji abadilishe ki, yaani aanzie wimbo kwenye noti ya chini zaidi.

Kile ambacho mwalimu alikua anataka kinaitwa kidatu. Kidatu ni ule ujuu au uchini wa sauti kama sikio linavyousikia, basi, ndo maana yake yote. Kwa kiasi kikubwa kinatokana na kitu kutetemeka mara ngapi kwa sekunde moja, ile noti ya La wanayotumia kulinganisha vyombo ni mitetemo 440 kwa sekunde, tunaandika Hz 440, ukiifanya 880 unapata La tena ila imepanda oktava nzima, yaani ndo La inayofuata kwa juu. Ukubwa wa sauti ni habari nyingine, huo ni mtetemo unaisukuma hewa kwa nguvu kiasi gani. Zungusha voliyumu ya redio utakavyo, 440 inabaki 440.

Sasa hilo neno lenyewe. Watu wa isimu ndo wanalitumia sana, wakieleza toni, yaani sauti inavyopanda na kushuka ndani ya neno, utawasikia "kidatu cha juu, kidatu cha chini", na ni ndugu wa kidato, hiki hiki cha kidato cha nne. Kabla ya shule kidato ni ile ngazi anayoikata mkwezi kwenye shina la mnazi ili apate pa kuweka mguu. Mimi naona hapo jambo lote limeshaelezwa, kwa sababu mkwezi akishafika kidato cha kumi anaweza kunong'ona au kupiga ukelele mtaa mzima usikie, bado yuko kidato cha kumi. Kupaza sauti hakumpandishi hata ngazi moja, kupanda ni kunyanyua mguu.

Kinachotuvuruga ni neno "juu", tumelibebesha kazi mbili. Na wala hatukua na shida ya maneno, Kiswahili kina sauti nyembamba na sauti nzito kwa ajili ya kidatu, na kina sauti kubwa na sauti ndogo kwa ajili ya nguvu, kila moja na kazi yake. Wajemi na Waturuki nao kwao ni nyembamba na nene, hawapandi wala hawashuki. Mbu sikioni usiku ana sauti nyembamba, mabawa yanapiga mara mia kadhaa kwa sekunde, lakini ni ndogo kiasi kwamba akienda upande wa pili wa chumba humsikii tena. Ngoma kubwa inayopigwa mtaa wa tatu ni nzito na ni kubwa. Ukiniambia mbu ana "sauti ya juu" na ngoma ina "sauti ya juu" mimi nabaki nimeduwaa.

Nakubali kuna sababu ya kuchanganya. Mtu akipiga kelele pumzi inasukuma koo kwa nguvu zaidi na kidatu nacho kinapanda kidogo chenyewe, kwa hiyo toka utotoni tunavisikia vikienda pamoja. Ila sikio lenyewe linavitenganisha. Ndani kabisa kuna kile kijirija kilichojisokota kama konokono, wanaita koklea, na humo kuna utando, mwanzoni ni mwembamba na umekaza, kule mwisho ni mpana na umelegea. Sauti nyembamba zinautikisa zaidi pale mwanzoni, nzito zinasafiri mpaka ndani, mwanasayansi Georg von Békésy alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuchunguza jambo hilo. Yaani kidatu kwa sehemu kubwa ni wapi pametikisika, ukubwa ni pametikisika kiasi gani.

Afu ubongo nao unaongeza yake. Simu za zamani zilikua zinapitisha sauti kuanzia kama Hz 300 mpaka 3400, wakati mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanaume mara nyingi uko mia na kitu tu, maana yake ile nzito ya baba haikupita kwenye waya, na bado ukipokea unamsikia baba na uzito wake. Ubongo unasikia mitetemo mingine ya sauti hiyo hiyo, ile ya kasi zaidi iliyopita kwenye waya, inavyopangana, unakisia msingi wake, unakupa kidatu ambacho hewani hakipo.

Linaloniuma zaidi ni kwa wazee wetu. Uzeeni sehemu inayochoka kwanza kwa kawaida ni ule mwanzo wa koklea, wa sauti nyembamba, na ndiko ziliko s, f na sh. Bibi anasikia vizuri ngoma na lori, ila neno "fisi" linamfikia limepungukiwa. Sisi tunampigia kelele, na kelele inanenepesha zaidi irabu ambazo hata mwanzo alikua anazisikia, anakwambia "usinifokee, nasikia ila sielewi", na watu wanamwona mkaidi. Anasema kweli kabisa. Kaa mbele yake aone mdomo wako, zima redio, sema taratibu.

Na kwa mwalimu wangu, shikamoo mwalimu, nakuheshimu sana na sikio lako ni zuri kuliko letu wote, naomba tu jumapili ukitaka nguvu utuambie "kubwa", na ukitaka tupande utupigie noti kwenye kinanda kwanza tuisikie. Tutaifuata.