Umelala na jiko chumbani? Maswali na majibu

Baridi ya Juni na Julai ikishika Nairobi, sisi wa chumba cha dharura huanza kupokea watu alfajiri, wamefungwa blanketi, wamebebwa na majirani. Na jirani karibu kila mara husema: "Lakini makaa yalikuwa yameshika, hayakuwa na moshi." Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike.

Makaa yakiwa mekundu, bila moshi, si ni salama?
Hapana. Kinachoua si moshi, ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutoka makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha, na makaa mekundu huitoa pia.

Inamdhuru mtu vipi?
  

Mwili wako nao una majiko yake: mitokondria, zilizo ndani ya seli. Humo chakula huunguzwa polepole, bila moto, kwa oksijeni, na nguvu yake huwekwa katika kemikali iitwayo ATP. Oksijeni ikiwepo, molekuli moja ya glukosi, yaani sukari, hutoa ATP takriban 30. Ikikosekana, 2 tu.

Kaboni monoksidi huing'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu huzunguka bila kubeba oksijeni inayohitajika. Kisha huingia hadi kwenye mitokondria na kuziba pale pale oksijeni inapotumika. Ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, kwa hiyo huumia mapema. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha miguu inalegea. Mama mmoja aliniambia aliuona mlango, hatua tatu tu kutoka kitandani, na hakuweza kuufikia. Chini ya mlango huo alikuwa amesokomeza leso ili baridi isiingie.

Nikiacha dirisha wazi kidogo? Au nikiweka beseni la maji kando ya jiko?
Hapana, na hapana. Ufa wa dirisha hautoshi, na maji hayanyonyi gesi hii.

Tumeamka sote na maumivu ya kichwa. Tunywe maziwa, tupumzike kidogo?
Msilale! Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Maziwa huenda tumboni. Gesi iko kwenye damu. Wengine hununua dawa ya maumivu dukani, wengine husema ni malaria, wanarudi kitandani katika chumba kile kile. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa asubuhi moja na jiko lililala ndani, hiyo si malaria. Tokeni nje sasa hivi, kisha mje hospitali. Aliyezimia, mtoeni nje na mpige 999 au 112.

Njooni nyote mliolala humo, hata mtoto anayecheza. Mjamzito aje hata akijisikia mzima, maana aliye tumboni huumia zaidi yake. Ukipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa nne au tano kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni safi ya barakoa, saa moja hivi au moja na nusu. Seli za ubongo hazina saa za kusubiri.

Kifaa cha kidole cha kupima oksijeni kilisoma 98. Si niko sawa?
Kifaa hicho cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Usikiamini kwa hili. Ukifika mlangoni mwetu, kabla hujaulizwa hata jina, sema: "Tulilala na jiko."

Sasa mtoto atalala vipi kwenye baridi hii?
Soksi, kofia, nguo mbili tatu. Kitanda kipashwe joto kwa maji moto yaliyofungwa vizuri kwenye chupa na kuviringishwa kitambaa, chupa iondolewe kitandani kabla mtoto hajalazwa. Jiko likimaliza kupika litolewe nje, uwanjani, si kwenye korido iliyofungwa. Lingali na kaa moja jekundu, lisirudi ndani.