Daktari wa mifugo yuko mbali: yanayosemwa na yaliyo kweli kaskazini mwa Kenya

"Wafugaji wa kaskazini hawamtaki daktari."

Mturkana akimwona mbuzi amesimama kajipanua miguu ya mbele, kanyoosha shingo na anakohoa, atakwambia ni loukoi, yaani homa ya mapafu ya mbuzi. Msomali wa Wajir akimwona ngamia anakonda, homa inakuja na kwenda, na nundu inanywea, atasema dhukaan, yaani malale ya ngamia. Mara nyingi wote wawili wako sahihi. Wanachokosa ni mtu wa kuwafikia. Huduma za bure za serikali zilipopunguzwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ilitarajiwa kwamba madaktari wa kujitegemea wangeziba pengo. Lakini kliniki ya Lodwar au Marsabit mjini itaendeshwaje ikiwa wateja wake wamehamia fora, yaani kambi za malisho za mbali, kufuata mvua, na pikipiki ya kuwafikia inakula mafuta ya thamani kuliko mbuzi anayetibiwa?

Tena kumfikishia mfugaji huduma alipo kulishajaribiwa kukafaulu. Chanjo ya sotoka ya ng'ombe ilipotengenezwa upya iweze kukaa hadi siku 30 bila friji, walikabidhiwa wahudumu wa mifugo waliochaguliwa na jamii zenyewe huko Karamoja (Uganda), Afar (Ethiopia) na Sudan Kusini. Wakatembea nayo hadi maboma ambayo gari halifiki. Kisa cha mwisho duniani kilionekana kwa nyati wa mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka ya ng'ombe imetoweka. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria ya madaktari na wasaidizi wa mifugo ambayo haikuwapa wahudumu hao nafasi ya kutibu, ndiyo maana wengi hubaki kuwa waripoti wa magonjwa. Kwa maoni yetu, hapo tulijikata mguu wenyewe. Kazi hiyo haikuisha, ila ilihamia kaunta ya duka la dawa, ambako anayeuza huenda hajawahi kumshika mbuzi.

"Sindano ya njano inatibu kila kikohozi."

Sindano hiyo ni oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria. Kwa loukoi inasaidia ikiwahi. Penisilini haifui dafu hapo, kwa sababu hushambulia ukuta wa bakteria na kijidudu cha loukoi hakina ukuta. Ila mbuzi mwenye vidonda mdomoni, tongo machoni na kuhara ana sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa Turkana mwaka 2006. Huo ni wa virusi. Dawa itapunguza tu maambukizi yanayodandia mapafuni. Kinga yake ni chanjo, mililita 1 chini ya ngozi, ambayo hulinda kwa angalau miaka mitatu.

Kosa kubwa zaidi ni kipimo. Chupa ya asilimia 20 inayodumu mwilini hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo mbuzi wa kilo 30 anahitaji 3, ndani ya msuli. Mfugaji humpa 1 ili chupa itoshe zizi zima. Mbuzi huinuka siku mbili, kisha hulala tena.

"Dawa ya minyoo ni ileile, chupa yoyote."

Geuza chupa usome asilimia. Albendazoli ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa mililita, na ya asilimia 10 ina 100. Kwa miligramu 7.5 kwa kilo, mbuzi wetu wa kilo 30 atakunywa mililita 9 za ile ya kwanza, au 2.25 tu za ile ya pili. Anayezoea moja kisha akauziwa nyingine hukosea mara nne. Akipunguza, anafuga minyoo sugu. Akizidisha kwa mbuzi mwenye mimba changa, anaweza kuharibu kitoto.

Mzani haupo? Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Kifua cha 66 na urefu wa 62 vinatoa karibu kilo 25. Ukilikisia kundi zima, kisia kwa mnyama mzito, usikisie kwa wastani.

"Kinachomtibu ng'ombe kinamtibu ngamia."

Hapa watu hupoteza ngamia wazima. Dhukaan huenezwa na pange na nzi wengine wanaouma, kwa hiyo kukosekana kwa mbung'o si salama. Mfugaji hununua pakiti ya diminazini, kwa kuwa ndiyo iliyomponya ng'ombe wake. Ngamia haistahimili: hutokwa mate, hutetemeka, huanguka, na anaweza kufa. Dawa zake ni kwinapiramini au melasomini. Kama duka halina hizo, subiri.

"Chanjo ikifika, kazi imeisha."

Chanjo nyingi hufia njiani. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na baada ya kuchanganywa na maji yake itumike ndani ya saa moja au mbili, kivulini. Anza alfajiri. Usifungue chupa ya pili kabla ya ya kwanza kuisha. Bomba la sindano lichemshwe, lisipanguswe kwa spiriti, maana mabaki ya spiriti huua chanjo hai.

Na usichanje dhidi ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ikiwa tayari imeingia. Damu ya mnyama mmoja aliyeambukizwa, ikibaki kwenye ncha ya sindano, inatosha kuhamisha virusi kwa wanaomfuata foleni. Chanjo hai ya zamani pia huweza kutoa mimba, kwa hiyo kondoo wenye mimba waachwe. Wakati wake ni kabla ya mvua kubwa, barabara zikiwa bado kavu na pikipiki ikiweza kupita.