Mayai ya finchi hayaangui? Usikimbilie kumlaumu dume

Swali tunaloulizwa sana sisi wa kitengo cha afya ya ndege kuhusu finchi, wale ndege wadogo wa kufugwa wanaokula mbegu, ni hili, finchi wangu wanataga fresh tu, wanaatamia, siku zinakwisha hamna kifaranga, dume atakuwa hana mbegu nimbadilishe? Jamani subiri. Yai lisiloangua si lazima liwe halikurutubishwa. Mengi yalirutubishwa kabisa ila kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, kikafa mapema mno, sasa ukija kulipasua baada ya wiki mbili unakuta ute na kiini tu unasema lilikuwa tupu. Ni shida mbili tofauti na kila moja ina tiba yake, kwa hiyo anza kwa kumulika.

Wengi hawakai kwenye kiota sawasawa mpaka yai la 3 au la 4, anza kuhesabu hapo. Siku ya 6 au 7 mulika yai gizani kwa tochi ndogo isiyo na joto, mikono misafi, fanya haraka. Ukiona mishipa myekundu imesambaa, lipo hai, rudisha. Ukiona duara la damu au doa limeganda pembeni, lilirutubishwa likafa. Ukiona njano tupu basi aidha halikurutubishwa au lilikufa siku za mwanzo kabisa. Zebra finchi huangua kama siku 12 hadi 14 tangu kuatamia, finchi aina ya Gouldian anaweza kufika 16, msitupe mayai kabla.

Kama yote ni matupu, kwanza hakikisha una dume na jike kweli! Finchi wa Bengali wanafanana kabisa, anayeimba ndo dume, na kiota chenye mayai 8 au 10 mara nyingi ni majike wawili wamejipanga pamoja. Halafu cheki vijiti vya kutulia. Kijiti kikitikisika au kikizunguka dume akipanda anateleza, mbegu haifiki, na hili watu wanalipuuza sana wakati ni la kurekebisha dakika mbili. Ndege wanene, au wenye manyoya marefu yanayoziba sehemu ya nyuma, nao hushindwa. Kwenye banda la pea nyingi madume wanavurugana katikati ya kupandana, so weka viota vingi kuliko pea, mara mbili hivi, na vyote kimo kimoja wasigombanie cha juu.

Kama yanafia ndani, angalia nani anamtoa jike kiotani usiku, panya, paka, taa inayowashwa ghafla, yai likipoa kwa muda mrefu ndo basi. Angalia pia undugu, kaka na dada kupandishwa kizazi baada ya kizazi kunaua viinitete. Kifaranga akifa ameshakamilika ndani ya gamba, mara nyingi hewa ni kavu, wape beseni la kuogea, jike akirudi na unyevu kifuani unasaidia.

Ila kinachoniuma zaidi ni lishe. Mbegu kavu peke yake haina kalsiamu ya kutosha wala vitamini A, na jike analitengeneza yai kwa mwili wake mwenyewe. Mpe yai la kuchemsha lililokatwakatwa, mboga za majani, mbegu zilizochipua, gamba la ngisi liwepo muda wote. Ndege wa ndani anahitaji na vitamini D3, maana jua linalopita kwenye kioo halimsaidii, na bila D3 hiyo kalsiamu mwili hauichukui vizuri. Jike akijikunyata chini, manyoya yametutumka, anajikamua, yai limekwama hilo, muweke kwenye joto kama nyuzi 30 umuwahishe kwa daktari, usimminye tumbo hata kidogo.

Na mayai yakithibitika matupu usiyaondoe siku hiyohiyo. Atataga mengine mara moja akiwa bado amechoka. Muache ayaatamie mpaka achoke mwenyewe, kisha toa viota vyote, na kwa mwaka mzima isizidi mizao 3.