Handel na "Haleluya": yanayosimuliwa na yaliyotokea

Kuhusu mtunzi wa muziki Handel na *Messiah*, kazi yake ndefu ya kuimbwa yenye "Haleluya", husimuliwa mengi. Kila aya hapa inaanza na linalosimuliwa, kisha yaliyotokea.

Eti "Haleluya" ni wimbo wa Krismasi. Kwaya nyingi huuimba Desemba, na hakuna dhambi hapo. Lakini ndani ya *Messiah* wimbo huo unafunga sehemu ya pili, inayosimulia mateso, kifo na ufufuko wa Kristo. Kazi nzima ilisikika kwanza Dublin, 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka.

Eti Mfalme George II wa Uingereza alisimama aliposikia "Haleluya", ndiyo maana nasi tunasimama. Kisa kitamu, ila ushahidi haupo. Inasemekana ilitokea London mwaka 1743, lakini habari hiyo tunaikuta kwanza kwenye barua ya 1780, miaka 37 baadaye, na hakuna kumbukumbu ya wakati ule inayoonyesha kwamba mfalme alikuwa ukumbini. Anayetaka kusimama asimame. Asimtwike tu mfalme sababu.

Eti Handel aliandika *Messiah* kwa siku 24 kwa sababu ya njozi. Siku 24 ni kweli: kuanzia 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741. Lakini kwa Handel hiyo ilikuwa kasi ya kawaida. Hakukaa hata kupumzika, akaingia kwenye *Samson*, kazi nyingine ya kuimbwa. Tena maneno hakuyatafuta yeye, Charles Jennens alikwisha kumchagulia mistari ya Biblia. Na baadhi ya tuni alikuwa nazo tayari. Ile ya "Kwa maana kwetu mtoto amezaliwa" ilitoka kwenye wimbo wake wa Kiitaliano wa watu wawili, alioutunga Julai mwaka huohuo, ambao maneno yake yanamkataa mungu wa mapenzi kuwa si wa kuaminika! Siku hizo kuchota kwenye kazi yako mwenyewe hakukuwa aibu.

Eti Handel alikuwa Mwingereza. Alizaliwa Halle, Ujerumani, 1685, akajifunza opera Hamburg na Italia. Uraia wa Uingereza aliupata 1727, akiwa na miaka 41.

Eti alikufa maskini na kusahauliwa. Aliacha karibu pauni 20,000, mali nyingi sana kwa enzi hizo, akazikwa Westminster Abbey, kanisa la London wanamozikwa watu mashuhuri. Kweli, macho yalikuwa yamekwisha kupofuka, lakini 6 Aprili 1759 alikuwapo *Messiah* ilipopigwa, akafariki siku nane baadaye. Katika wosia aliiachia nakala ya kazi hiyo hospitali ya London iliyolea watoto waliotupwa, ambayo tangu 1750 ilikuwa ikichangiwa fedha kwa maonyesho ya *Messiah*.