Uangalizi wa mwanachama mpya mtandaoni: maana yake na mipaka yake

Uangalizi wa mwanachama mpya ni utaratibu wa jumuiya ya mtandaoni kumpa aliyeingia karibuni nafasi finyu ya kuandika kuliko wenyeji, kwa muda maalumu. Anasoma kila kitu lakini hawezi kutuma linki. Au anaandika, ila andiko lake linapita kwanza kwa admini. Kwingine anaruhusiwa maandishi peke yake, picha na sauti zikisubiri siku kadhaa. Hiyo si adhabu, maana hajakosa lolote. Ni tahadhari tu kwa sababu humo ndani hakuna anayemjua bado.

Huku Mtwara na Lindi jambo hili lina msimu wake. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, magrupu ya WhatsApp ya wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi, na ya Ruangwa na Nachingwea upande wa Lindi, yanafurika. Mwenye shamba anayeishi Dar es Salaam anaomba aingizwe ili ajue bei, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anawaingiza majirani zake, na linki ya kujiunga inazunguka mpaka inafika kwa watu wasio na hata mkorosho mmoja. Humo humo anapenya mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kichinichini nje ya mnada. Hajitambulishi. Siku ya pili anatupia ujumbe wenye sura ya tangazo, herufi kubwa tupu: BEI INASHUKA MNADA UJAO, MELI HAZIJAFIKA, MWENYE MZIGO AUZE SASA, PIGA NAMBA HII. Kwa mkulima anayedaiwa ada ya mtoto, maneno hayo yanatosha kumfanya atoe gunia usiku kwa bei ya kutupa, nje ya stakabadhi ghalani, ule mfumo rasmi wa kupeleka mzigo ghalani ukauzwe mnadani. Admini anakuja kuufuta asubuhi akitoka shambani. Gunia limeshapanda pikipiki.

Hapo sijagusa jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii", za kujiunga Freemason utajirike, na za bando la bure ukibonyeza hapa. Nyingi ya hizo hutumwa na namba iliyoingia muda mfupi kabla, na mtumaji hakai kusubiri majibu. Ndiyo maana hata kizuizi cha siku chache tu kinamkata makali: yeye anaishi kwa haraka, grupu moja hadi jingine, na kusubiri kunamharibia biashara.

Tatizo lenyewe lilikuwepo kabla ya simu janja. Kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza 1980 Marekani, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu walimiminika na kuvuruga mazungumzo, kisha baada ya wiki kadhaa wakazoea taratibu. Mwaka 1994 kampuni ya AOL ilipowafungulia wateja wake mlango, wageni wakawa hawakatiki tena, na wenyeji wakaubatiza wakati ule Septemba isiyoisha. Siku za nyuma mgeni alifundishwa adabu na wenyeji walio wengi kuliko yeye. Wageni walipozidi, kazi hiyo ikabidi ifanywe na kanuni zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe.

Kanuni hizo hazifanani. Wikipedia ya Kiingereza inataka akaunti itimize siku 4 na mahariri 10 kabla ya kugusa kurasa zilizolindwa kiasi. Stack Overflow, wanakokutana waandishi wa programu, inamruhusu mgeni kuuliza swali siku hiyo hiyo, lakini hawezi kutia maoni chini ya maandiko ya wengine mpaka afikishe pointi 50. Telegram inampa admini uwezo wa kumzuia mtu mmoja mmoja, linki mbali, picha mbali. WhatsApp, ambayo ndiyo tunayoitumia zaidi huku, haina kitu hicho: admini akifunga kuandika, amewafungia wote wasio maadmini, mgeni na mwenyeji. Kinachobaki ni kuidhinisha kila anayeomba kuingia, kuuliza "nani anakufahamu humu?", na kufuta yanayokiuka.

Swali la kama vizuizi vinafaa, kwangu, linategemea kinachozuiwa. Linki, namba za simu, matangazo ya bei na jumbe za kufowadi zizuiwe bila kuoneana haya. Swali lisizuiwe. Chukua mwezi wa Juni, mikorosho ikianza kutoa maua. Anaingia kijana aliyerithi shamba la babu yake, anaandika: "Shikamooni wakubwa. Maua yangu yana unga mweupe kama majivu. Nilipuliza salfa juzi saa sita mchana, upepo ulikuwepo. Nirudie?" Mzee mmoja anamjibu kwa sauti ya sekunde chache: rudia, ila alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala, mchana unawapulizia majirani. Kijana huyo akiwekewa siku saba za kunyamaza, ubwiri unga, ndio ugonjwa wa ule unga mweupe, haumsubiri. Grupu litakuwa limejilinda dhidi ya mtu ambaye lilianzishwa kwa ajili yake.

Na hasara ya kuwabana wageni kupita kiasi imeshapimwa. Aaron Halfaker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2013, walionyesha kwamba wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza walianza kupungua baada ya 2007, na sababu mojawapo ni kwamba zana na kanuni zilizowekwa kupambana na waharibifu zilikuwa zikiwakataa pia wageni wenye nia njema, nao wakaondoka wasirudi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maadmini wengi wanazishika zile siku mbili, jembe wanalisahau. Kizuizi kinapaswa kuwa na mwisho unaojulikana, na mgeni auone umeandikwa kwenye maelezo ya grupu siku anayoingia: wiki moja hakuna linki wala tangazo, maswali ruksa muda wote, bei ya mnada inatolewa na fulani na fulani peke yao. Kumbana mtu kimyakimya, akahangaika kujua kwa nini ujumbe wake hauonekani, ni kumfukuza bila kumwambia.

Kuna mahali utaratibu huu haufiki kabisa. Tapeli hupiga simu kwa mwanachama wa miaka mingi, anajifanya mhudumu wa mtandao, anamwomba tarakimu 6 zilizotumwa kwa SMS, na akizipata anaiteka WhatsApp yake. Sasa anayeandika kwenye grupu ana picha ya mzee anayeheshimika na jina linaloaminika: "Wandugu nimekwama Mikindani, nitumieni elfu hamsini, kesho asubuhi narudisha." Kwa kipimo cha ugeni, huyo amefaulu. Hapo admini aitoe namba hiyo kwenye grupu mara moja, kisha ampigie mwenye namba simu ya kawaida, si ya WhatsApp.